Sauti Isiyopumua

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia kwamba kuna watu ambao huona heri wapotee njia mchana kutwa kuliko kumwuliza mpita njia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kisa changu ni hiki, nami nakieleza bila kuficha kwa sababu najua humu shuleni mwetu wamo wengine wa aina yangu, hasa sisi tunaopenda madawati ya nyuma.

Nyumbani kwetu ni Likoni. Babu mzaa baba, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alikuwa mpiga zumari. Ewe msomaji uliyezaliwa bara, ikiwa hujapata kuiona zumari, hiyo ni ala ya kupulizwa iliyochongwa kwa mti, nyembamba juu na pana chini kama faneli. Juu yake hutiwa kilimi chembamba, na chini ya kilimi kuna kisahani cha duara ambacho mpigaji hukibana kwa midomo. Mlio wake ni mkali. Ikilia mtaani kwetu utadhani inawaita watu walio ng'ambo ya feri. Katika kirumbizi na katika harusi, ngoma ndizo mwili, nayo zumari ndiyo ulimi.

Babu aliwapigia zumari wanawe wote walipooa na walipoolewa. Alianza na ami mkubwa mwaka 1998, wakafuata wengine, baba yangu akiwemo. Akabaki mmoja tu, shangazi yetu, kitinda mimba. Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Mwaka juzi Babu alishikwa na kifua. Alilazwa majuma mawili, na siku aliyotoka daktari alimwambia waziwazi kwamba mapafu yake hayawezi tena kazi ya kupuliza. Zumari ikatundikwa msumarini, ukutani mwa chumba chake. Basi posa ya shangazi ilipoletwa na harusi ikapangwa kuwa Agosti, nyumba nzima ilijaa vifijo na vigelegele. Babu alicheka pamoja nasi, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nikamwona. Midomo ilicheka, macho yalikuwa ukutani.

Nikajitia ushujaa. Nikasema mbele ya watu wote, "Babu, wewe usijali. Zumari italia. Nitaitengeneza kwa kompyuta."

Kila mtu alinigeukia. Ami alicheka. Babu akanipapasa kichwa, asiseme neno.

Kwani nilijua nini mimi? Ukweli ni kwamba sikujua lolote. Nilichokuwa nacho ni kompyuta kuukuu ya ami mdogo, ambaye ana kiduka cha kuchapa barua na kutoa nakala. Saa kumi na mbili jioni akifunga mlango, huniachia nikae ndani. Alikuwa na kinanda kidogo cha vibonye 25 alichonunua kwa mtu, na ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya sinthesaiza iitwayo Surge XT. Programu hiyo haiuzwi. Mtangulizi wake, Surge, iliachiwa watu wote bure mwaka 2018.

Sinthesaiza ni nini? Ni chombo kinachounda sauti tangu mwanzo, bila uzi wa kukwanyua wala ngozi ya kupiga. Mmarekani Robert Moog alianza kutengeneza zake mwaka 1964, mashine kubwa zilizounganishwa kwa nyaya kama simu za zamani. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ndogo ya kuwekwa mezani. Hiyo Minimoog ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vibonye viwili, kimoja kinanyamaza. Watu waliipenda kwa sauti ya kuongoza, yaani ile inayobeba wimbo juu ya ala nyingine kama mwimbaji. Niliposoma habari hizo nilifurahi mno. Zumari nayo ni hivyo hivyo! Mdomo mmoja, sauti moja. Nikajiambia kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Masikini, sikujua ninajitia katika bahari isiyo na pwani.

Usiku wa kwanza niliifungua programu nikakuta vidude vingi kuliko nyota. Sikusoma maelezo. Sikumwuliza ami. Nilianza kugeuza kila kitu. Sinthesaiza hii ina osileta tatu, yaani vyanzo vitatu vya mlio. Nikaziwasha zote. Kuna mahali unaweza kuuzidisha mlio mmoja ukawa kama watu 16 wanaoimba pamoja. Nikaweka 16. Nikaongeza mwangwi, nikaongeza mkwaruzo, nikaongeza tena mwangwi juu ya mwangwi. Nilipobonyeza kibonye, lo! Kiduka kilitetemeka, kikombe cha ami cha kalamu kikaanguka. Nikasema, "Naam! Hii ndiyo sauti."

Nilikaa hivyo muda wa miezi miwili. Kila jioni nilikuwa kidukani, na kila jioni niliongeza kitu kingine. Vitabu vyangu vilikaa ndani ya mkoba tangu kengele ya kutoka shule mpaka kengele ya kuingia kesho yake.

Siku ya Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, niliibeba sauti yangu nyumbani. Niliirekodi kwenye simu ya ami nikaiunganisha na spika. Walikuwapo ami wote wawili, baba, mama, shangazi na Babu kwenye kiti chake cha kamba. Nikabonyeza.

Ami mkubwa aliziba masikio. Shangazi, kwa huruma zake, alisema, "Ni nzuri, yafanana na... yafanana na ving'ora vya meli." Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilimtazama Babu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, kama mtu anayetafuta sauti ya mwanawe katika umati. Ilipokwisha alinyanyuka polepole, akashika fimbo yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiyo haipumui."

Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Wallahi, heri angenitusi. Nilichomoa waya nikatoka nje. Usiku ule sikula. Niliona kwamba nimempa mzee matumaini kisha nimemnyang'anya mbele ya watoto wake. Lakini badala ya kumfuata na kumwuliza, "Babu, haipumui vipi?" nilinuna. Nilijisemea kwamba wazee hawajui mambo ya kompyuta.

Mvumilivu hula mbivu, lakini mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Siku yangu ya Idi ilikuwa siku ya kurudishiwa karatasi za mtihani. Fizikia nilipata alama 31 kwa 100. Baba aliitazama karatasi ile muda mrefu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake. "Funguo za duka la ami yako," akasema, "hutaziona mpaka n'one alama nyingine."

Kesho yake mwalimu wa Fizikia aliniita ofisini. Nilijua ni viboko vya maneno. Aliniuliza, "Jioni hufanya nini wewe?" Kwa kuwa sikuwa na uongo ulio tayari, nilimwambia kweli. Nilimweleza zumari, sinthesaiza na Babu. Nilitarajia anicheke. Badala yake alichukua chaki, akachora ubaoni mstari unaopanda polepole na kuanguka ghafla, kisha kupanda tena na kuanguka tena, kama meno ya msumeno.

"Hili ni wimbi gani?"

Nililiona mara mia kwenye programu. "La msumeno, Mwalimu."

"Na ndani yake mna nini?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipofundishwa kwa dakika 20 mambo ambayo nilikuwa nimeyageuza kwa kidole miezi miwili bila kuyajua. Mlio mmoja si mlio mmoja. Ukipiga sauti ya hezi 440, wimbi la msumeno linatoa pia 880, na 1,320, na 1,760, na kuendelea juu, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia: ya pili nusu, ya tatu theluthi, ya nne robo. Wimbi la mraba nalo huruka moja moja, likatoa 440, 1,320, 2,200 na kadhalika, ndiyo maana husikika kama lina shimo katikati. Bomba la kilimi lililo jembamba juu na pana chini hutoa milio yote bila kuruka. "Sasa niambie," akasema, "zumari ya babu yako ni msumeno au mraba?"

"Msumeno, Mwalimu!"

"Basi kwa nini uliwasha osileta tatu? Anza na moja. Na kabla ya hapo, anza na sura ya mawimbi kitabuni. Ukurasa wote, na maswali yake."

Nilianza. Si kwa kupenda, bali kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwa baba. Lakini ajabu ni kwamba kitabu kile kile kilichokuwa kikinitia usingizi sasa kilikuwa kinazungumza habari za Babu. Mtihani uliofuata nilipata 58. Si alama ya kujivunia mbele ya wenzangu walio na 80, lakini baba aliitoa ile karatasi ya zamani mfukoni, akaipasua, akanipa funguo. Zilikuwa zimebaki wiki tano tu harusi ifike.

Safari hii nilitumia akili. Ami mkubwa alikuwa na kaseti ya harusi yake ya 1998. Tuliunganisha redio ya kaseti na kompyuta kwa waya, tukaiingiza katika programu ya Audacity, ambayo huweza kuichora sauti ukaona milio yake kama vilima. Nilikata kipande kidogo ambapo ngoma zimetulia na zumari iko peke yake. Kisha nikaiweka sauti yangu kando, osileta moja tu, wimbi la msumeno tupu, bila mwangwi wala mkwaruzo.

Nikaona kosa kwa macho. Wimbi la msumeno kilima chake cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote. Zumari ya Babu haikuwa hivyo. Kilima cha kwanza kilikuwa kifupi, na vile vilivyofuata ndivyo vilivyokuwa virefu, ndiyo sababu sauti inachoma sikio. Nikaelewa kwamba kazi yangu haikuwa kuongeza, ilikuwa kupunguza. Nikaweka filta ya kukata milio ya chini, nikaigeuza taratibu, na sauti ikakonda, ikakonda, mpaka nikasimama. Ilikuwa inafanana! Kama ndugu wa mbali, lakini wa ukoo mmoja.

Kisha nikashika envelopu. Hii ndiyo inayoamua sauti izaliweje, ikaeje na ifeje. Ina hatua nne: kupanda, kushuka, kukaa na kuachia. Kupanda niliweka milisekunde 20, kwa kuwa kilimi hakiguni papo hapo. Kukaa niliweka juu kabisa, kwa sababu mpiga zumari haachi sauti ififie kama mpiga gitaa. Kuachia nikaweka kufupi. Halafu nikaongeza mtelezo kidogo, ili sauti ikihama kutoka kibonye hiki kwenda kile iteleze badala ya kuruka.

Ilikuwa nzuri. Lakini nilipofumba macho nikasikiliza, maneno ya Babu yalirudi. Haipumui. Kaseti ilikuwa hai na sauti yangu ilikuwa sanamu. Niligeuza kila kitu siku tatu, nisipate. Siku ya nne nilizima kompyuta nikaenda nyumbani nikagonga mlango wa Babu. Jambo hilo lilinigharimu kuliko yote niliyoyaeleza hapa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndoo, mwanangu."

"Babu, uliposema haipumui, ulikuwa na maana gani?"

Alinitazama kwa muda. "Nalisema utakuja kuuliza siku ile ile," akasema. "Nikangoja. Ukachelewa." Kisha akaniagiza, "Nenda katwae bilauri ya maji na mrija."

Nilileta. Akautia mrija majini, akapuliza. Mapovu yakatoka, bul bul bul. Mashavu yake yalijaa upepo, na hapo nikaona jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu: alivuta pumzi kwa pua huku mapovu yakiendelea kutoka. Hayakukatika! Alikuwa akisukuma upepo uliokuwa mashavuni huku akijaza kifua upya. Aliendelea hivyo kwa muda wa kuhesabu mpaka sita, saba, kisha kikohozi kikamshika. Nilimpokonya bilauri nikamsugua mgongo. Nilitaka kulia. Yeye alikuwa anacheka katikati ya kikohozi.

"Umeona?" akaniuliza alipotulia.

"Nimeona hayakatiki, Babu."

"Hukuona, basi. Tazama vyema. Hayakatiki, lakini hayako sawasawa. Ninapovuta kwa pua yapungua. Kifua kikijaa yazidi. Pumzi ya mtu si maji ya mfereji, kwamba wafungua yatoka vile vile tu mpaka ufunge. Pumzi ni bahari. Yajaa, yapwa. Hiyo sauti yako ya kwanza ilikuwa mfereji uliovunjika."

Nikamwuliza yote niliyopaswa kumwuliza miezi mitatu nyuma. Kumbe anapoanza noti ndefu hawezi kuipata juu mara moja. Huitafuta kutoka chini kidogo kisha akaikamata. Kumbe ule mtikisiko wa sauti hauanzi pamoja na noti. Huacha noti isimame kwanza, kisha ndipo huitingisha. Kumbe akipuliza kwa nguvu sauti haiwi kubwa tu, huwa kali pia. Alinieleza mpaka adhana ya Isha, na mara mbili nilimwona akiitazama zumari ukutani, lakini safari hii si kwa huzuni. Alikuwa akiitaja kama mtu anayemtaja rafiki.

Usiku ule nilirudi kidukani mbio. Kila neno la Babu lilikuwa na mahali pake kwenye ile programu. Kuitafuta noti kutoka chini: envelopu ya pili iliyofungwa kwenye sauti yenyewe, ndogo sana, isiyozidi nusu noti. Mtikisiko: osileta ya polepole inayotingisha sauti mara tano na nusu kwa sekunde, nayo nikaichelewesha nusu sekunde ndipo ianze. Ukali unaokwenda na nguvu: nikaifunga filta pamoja na ukubwa wa sauti kwenye gurudumu lililo kushoto mwa kinanda. Gurudumu hilo sikuligusa miezi yote ile. Sikujua kazi yake. Sasa likawa mapafu. Mkono wa kulia ulipiga noti, wa kushoto ulijaa na kupwa.

Nilipiga noti moja tu, ndefu. Vinyweleo vya mikono vikanisimama.

Jumapili iliyofuata nilikibeba kinanda chenyewe na kompyuta mpaka nyumbani, maana sauti hii haikuweza kurekodiwa ikabaki, ilitaka kupigwa. Nilimpigia Babu chumbani mwake, sisi wawili tu. Alifumba macho. Nilipomaliza alikaa kimya, nami moyo ukanidunda kama ngoma ya msondo.

"Hiyo si zumari," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"N'sikize kwanza. Si zumari, na usimwambie mtu kuwa ni zumari. Mti na kilimi haviigwi. Lakini sasa yapumua. Ipe jina lake yenyewe."

Nikaihifadhi kwa jina la Pumzi.

Siku ya harusi stima ilikatika mara moja, tukaokolewa na jenereta ya jirani. Nilipiga Pumzi shangazi alipokuwa akitolewa nje, wapiga ngoma wakinifuata. Nilikosea noti mbili. Waliokuwapo wasininyime sifa wala wasinizidishie. Babu alikuwa amekaa pembeni yangu. Kila nilipohitaji kuvuta pumzi, yeye aliinua kidole chake kidogo juu ya fimbo, nami nikalishusha gurudumu. Basi sijui tuseme nani alikuwa mpigaji. Shangazi alipopita mbele yetu alisimama akalia, na hakuwa akinitazama mimi.

Wenzangu, kujifunza kwangu kumekuwa na somo moja tu, na nimelilipia kwa aibu. Mwanafunzi mchanga hudhani ufundi ni kuongeza. Mimi niliongeza mpaka vikombe vikaanguka, na sauti niliyoitaka ilikuwa imefichika chini ya vile nilivyoviongeza. Yule aliyeijua alikuwa chumba cha pili, akingoja niulize.

Zumari ingali msumarini. Lakini bilauri na mrija viko mezani kwangu, kando ya kitabu cha Fizikia. Kila usiku baada ya maswali ya Mwalimu, hupuliza huku Babu akihesabu. Jana mapovu yangu yalifika kumi na moja kabla ya kukatika. Babu anasema nikifika sitini ataishusha.

Kalamu yangu naiweka chini hapa, kwani pumzi nazo zina kazi.